Kutofautisha Funksheni Iliyogawanywa kwa Nyingine: Mwongozo Kamili wa Kanuni ya Kugawanya

Funksheni nyingi ambazo mwanafunzi wa kalkulasi hukutana nazo mapema huwa na umbo la sehemu, yaani juu ya mstari kuna funksheni moja, ambayo ndiyo kiasi, na chini yake kuna nyingine, ambayo ndiyo asili. Kutofautisha funksheni ya namna hiyo, yaani kutafuta derivativu yake (kasi ya kubadilika kwake kila x inapobadilika), kunahitaji kanuni yake maalumu. Kanuni yenyewe ni fupi na hukaririwa kwa dakika chache. Kazi iko kabla yake, katika kuamua kama inahitajika, na iko baada yake, katika kulisafisha jibu hadi liweze kutumika. Mwongozo huu unachukulia kwamba msomaji ameshazoea kutofautisha vipeo vya x, na kwamba amewahi kukutana na kanuni ya zao na kanuni ya mnyororo.

Tutaandika f(x) kwa kiasi, g(x) kwa asili, na h(x) = f(x)/g(x) kwa sehemu nzima. Alama ya f'(x) itasimama kwa derivativu ya f.

Kwa nini haitoshi kugawanya derivativu mbili

Kwa kuwa derivativu ya jumla ni jumla ya derivativu, ni rahisi kudhani kwamba derivativu ya sehemu nayo hupatikana kwa kutofautisha juu, kutofautisha chini, kisha kugawanya. Mfano mmoja unatosha kuivunja dhana hiyo. Chukua h(x) = x⁵/x², ambayo, x ikiwa si sifuri, ni sawa na x³, na derivativu yake ni 3x². Ukigawanya derivativu ya juu kwa ya chini unapata 5x⁴/(2x), yaani 2.5x³. Majibu haya mawili hayafanani hata kwa kipeo.

Aliyewahi kudhani hivyo asijione mgeni, kwa sababu Gottfried Wilhelm Leibniz mwenyewe, mmoja wa waasisi wa kalkulasi, katika maandishi yake ya Novemba 1675, alijiuliza kama tofauti (kwa lugha yetu, derivativu) ya zao ni zao la tofauti na kama mambo ni hayohayo kwa kugawanya, akajiridhisha kwamba sivyo. Alipochapisha kanuni zake mwaka 1684 katika jarida la Acta Eruditorum, ile ya kugawanya ilikuwa miongoni mwake, tena aliiandika kwa alama pacha za kujumlisha na kutoa, akaeleza jinsi ya kuchagua ishara kulingana na kukua au kupungua kwa vitu vinavyohusika. Ishara, kama tutakavyoona, ndiyo mahali panapoponza watu hadi leo.

Kanuni na chimbuko lake

Ikiwa f na g zote zina derivativu mahali x, na g(x) si sifuri, basi:

h'(x) = [f'(x)·g(x) − f(x)·g'(x)] / [g(x)]²

Kwa maneno: derivativu ya juu mara funksheni ya chini, toa funksheni ya juu mara derivativu ya chini, kisha gawanya vyote kwa asili iliyozidishwa kwa yenyewe.

Inafaa kuona kanuni hii inatoka wapi, kwa sababu anayejua chimbuko lake anaweza kuijenga upya siku kumbukumbu itakapomtoroka. Ongeza k kwenye x, kisha tafuta badiliko la sehemu:

f(x+k)/g(x+k) − f(x)/g(x) = [f(x+k)·g(x) − f(x)·g(x+k)] / [g(x+k)·g(x)]

Hapa hakuna kalkulasi yoyote bado. Ni kutoa sehemu mbili zenye asili tofauti, kama inavyofanyika katika hesabu za kawaida. Hata hivyo mambo mawili yameshajitokeza. Asili mbili zimezidishana, na k inapokaribia sifuri g(x+k) inakaribia g(x), kwa hiyo chini panabaki g(x) mara g(x), ambayo ndiyo ile [g(x)]² inayowashangaza wengi. Pia alama ya kutoa iliyo juu imetokana na kule kutoa kwenyewe, na mpangilio wake umeshaamuliwa: neno ambalo f imebadilika linatangulia, na neno ambalo g imebadilika linatolewa.

Sasa kwenye kiasi toa f(x)·g(x) na palepale uirudishe, jambo lisilobadilisha thamani yoyote. Kiasi kinakuwa:

[f(x+k) − f(x)]·g(x) − f(x)·[g(x+k) − g(x)]

Gawanya kwa k na uache k ikaribie sifuri. Mabano ya kwanza yanakuwa f'(x), ya pili yanakuwa g'(x), na kanuni imekamilika.

Vitabu vingi hupita njia ya mkato: huandika f(x) = h(x)·g(x), hutumia kanuni ya zao kupata f' = h'·g + h·g', kisha hutafuta h'. Ni njia safi, na mimi huipendekeza kwa anayetaka kuikumbuka kanuni akiwa ndani ya chumba cha mtihani. Ina kasoro moja ya kimantiki, kwamba inachukulia tangu mwanzo kuwa h ina derivativu, wakati hilo ni sehemu ya yale yanayopaswa kuthibitishwa. Njia ya kikomo, ile ya kuacha k ikaribie sifuri, haina deni hilo.

Hatua ya kwanza: amua kama kanuni inahitajika

Kuona mstari wa sehemu si sababu tosha ya kuita kanuni. Kama asili ni namba thabiti, mfano (x² + 1)/7, toa 1/7 nje na utofautishe kilichobaki. Jibu ni 2x/7. Kama kiasi ni namba thabiti na asili ni kipeo kitupu cha x, mfano 5/x³, andika 5x⁻³, na jibu ni −15x⁻⁴. Kama asili ni neno moja tu na kiasi kina maneno kadhaa, mfano (x³ + 4x² − 6)/x, gawanya neno kwa neno upate x² + 4x − 6x⁻¹, ambayo derivativu yake, 2x + 4 + 6x⁻², huandikwa kwa mstari mmoja. Kanuni ya kugawanya ingefikia jibu hilohilo, ila kwa safari ndefu yenye nafasi nyingi za kuteleza.

Angalia pia kama kiasi na asili vina kigawo cha pamoja. Funksheni (x² − 9)/(x − 3) ni x + 3 popote ambapo x si 3, kwa hiyo derivativu yake ni 1. Usisahau kwamba kwenye x = 3 funksheni ya awali haipo kabisa, na derivativu yake pale haipo pia, hata kama x + 3 haina tatizo lolote.

Kanuni inahitajika hasa pale asili ina maneno zaidi ya moja yasiyofutika, au pale juu na chini kuna funksheni za aina tofauti, kama e^x juu ya x.

Hatua ya pili: andika vitu vinne kando

Kabla ya kugusa kanuni, andika f, f', g na g' kila moja kwenye mstari wake. Wanaoiruka hatua hii kwa kuona inapoteza muda huishia kutofautisha na kupachika kwa wakati mmoja kichwani, na hapo ndipo f' inapoachwa mahali pa f bila mtu kugundua. Tuchukue mfano ambao utatufuata hatua chache zijazo:

h(x) = (3x − 2)/(x² + 5)

f(x) = 3x − 2
f'(x) = 3
g(x) = x² + 5
g'(x) = 2x

Hatua ya tatu: pachika, kila kitu ndani ya mabano yake

h'(x) = [(3)(x² + 5) − (3x − 2)(2x)] / (x² + 5)²

Mabano ya 3x − 2 hayapo kwa mapambo. Alama ya kutoa iliyo mbele yake inahusu zao zima linaloifuata, si neno la kwanza pekee. Ukifungua unapata 3x² + 15 − (6x² − 4x), kisha 3x² + 15 − 6x² + 4x. Neno la mwisho limegeuka kuwa chanya. Anayeandika bila mabano huacha −4x, na kosa hilo la ishara moja huharibu kila kitu kinachofuata.

Hatua ya nne: rahisisha kiasi, iache asili ilivyo

Kusanya maneno yanayofanana:

h'(x) = (−3x² + 4x + 15)/(x² + 5)²

Usiifungue asili. Kuandika x⁴ + 10x² + 25 mahali pa (x² + 5)² hakuongezi lolote, na kunaficha jambo la maana, kwamba asili hiyo ni chanya daima na kwa hiyo ishara ya h' inaamuliwa na kiasi peke yake. Nguvu hiyo itumie juu, kwenye kutafuta vigawo:

−3x² + 4x + 15 = −(3x + 5)(x − 3)

Sasa jibu linaanza kusema. Derivativu ni sifuri pale x = 3 na pale x = −5/3, na kati ya namba hizo mbili ni chanya, nje yake ni hasi. Kwa hiyo grafu inashuka hadi x = −5/3, ambapo h = −0.9, inapanda hadi x = 3, ambapo h = 0.5, kisha inashuka tena ikiukaribia mhimili wa x. Habari hizo zote zimetoka kwenye kiasi kilichowekwa katika vigawo. Ukiwa na −3x² + 4x + 15 pekee usingeziona kwa macho.

Hatua ya tano: hakiki kwa namba

Kuhakiki hakuhitaji zaidi ya kikokotoo cha kawaida. Chagua x nyepesi, tafuta thamani ya h hapo na pembeni kidogo, kisha linganisha mteremko na jibu lako. Kwa mfano wetu, h(1) = 1/6, yaani takriban 0.16667, na h(1.01) = 1.03/6.0201, yaani takriban 0.17109. Tofauti yake ukiigawanya kwa 0.01 inatoa takriban 0.443. Derivativu tuliyopata inatoa h'(1) = 16/36, takriban 0.444. Vimekaribiana vya kutosha.

Uzuri wa hakiki hii ni kwamba kila kosa la kawaida huacha alama yake. Aliyegawanya derivativu mbili angepata 3/2. Aliyegeuza mpangilio wa maneno juu angepata −0.444, namba sahihi yenye ishara mbaya. Aliyesahau kusambaza alama ya kutoa angepata 8/36, takriban 0.222. Aliyesahau kuzidisha asili kwa yenyewe angepata 16/6. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kujificha mbele ya 0.443.

Kuhusu ishara na mpangilio

Katika kujumlisha na kuzidisha mpangilio haujali. Hapa unajali, kwa sababu f'g − fg' na fg' − f'g ni vitu vinavyokinzana ishara. Watu hutunga vibwagizo vya kukumbuka nini kinatangulia. Mimi naviamini kidogo, kwani kibwagizo kikigeuka kichwani hakuna kinachokuonya. Jaribio la 1/x ni bora zaidi. Kila mtu anajua kwamba 1/x hupungua x inapokua kutoka namba chanya yoyote, kwa hiyo derivativu yake ni lazima iwe hasi. Weka f = 1 na g = x: kanuni sahihi inatoa (0·x − 1·1)/x² = −1/x², na iliyogeuzwa inatoa +1/x². Ukiwa na shaka, fanya jaribio hili kwenye ukingo wa karatasi.

Kuna njia nyingine ya kuitazama kanuni inayoeleza ishara kwa undani zaidi. Mahali ambapo f wala g si sifuri, gawanya pande zote kwa h nawe utapata:

h'/h = f'/f − g'/g

Yaani, kasi ya kukua ya sehemu kwa uwiano ni kasi ya kiasi, toa kasi ya asili. Kiasi kikikua kwa asilimia 5 na asili ikakua kwa asilimia 3, sehemu nzima inakua kwa takriban asilimia 2. Hesabu kamili, 1.05/1.03, inatoa asilimia 1.94. Asili ikikua upesi kuliko kiasi, sehemu inapungua. Umbo hili ni la msaada mkubwa pale juu na chini pamejaa mazao na vipeo, kwa sababu kila kigawo huchangia neno lake bila kuingiliana na vingine.

Inapoungana na kanuni ya mnyororo

Hapa ndipo wengi hupoteza alama, si kwa kutojua kanuni bali kwa kufungua mabano mapema. Chukua:

h(x) = x²/(2x − 1)³

f = x² na f' = 2x. Kwa g = (2x − 1)³, kanuni ya mnyororo inatoa g' = 3(2x − 1)²·2 = 6(2x − 1)². Yule 2 wa ndani ndiye husahaulika. Pachika:

h'(x) = [2x(2x − 1)³ − 6x²(2x − 1)²] / (2x − 1)⁶

Kishawishi cha kufungua (2x − 1)³ ni kikubwa. Kikatae. Maneno yote mawili yaliyo juu yana kigawo cha pamoja 2x(2x − 1)², kwa hiyo kitoe nje:

2x(2x − 1)²·[(2x − 1) − 3x] = 2x(2x − 1)²·(−x − 1)

Futa (2x − 1)² juu na chini:

h'(x) = −2x(x + 1)/(2x − 1)⁴

Kipeo cha asili kilianza 3, kanuni ikakipeleka 6, kurahisisha kukakirudisha 4. Mtindo huu hurudia: asili yenye umbo la kitu kwa kipeo n, baada ya kufuta, kwa kawaida huishia na kipeo n + 1. Ukimaliza na 2n, yaelekea bado kuna kigawo hujakifuta. Kwa hakiki, jibu linatoa h'(1) = −4. Namba zenyewe ni h(1) = 1 na h(1.001), takriban 0.99601, hivyo mteremko ni karibu −3.99.

Matokeo matatu ya kanuni yanayofaa kujulikana

La kwanza ni derivativu ya tanjenti. Kwa kuwa tan x = sin x/cos x, kiasi cha derivativu kinakuwa cos x·cos x − sin x·(−sin x), yaani cos²x + sin²x, ambayo ni 1. Jibu ni 1/cos²x. Angalia jinsi alama mbili za hasi zilivyokutana. Aliyesahau kwamba derivativu ya kosini ni hasi ya sini angebaki na cos²x − sin²x.

La pili ni umbo la 1/g, ambalo kanuni inalifupisha kuwa −g'/g². Kwa hiyo derivativu ya 1/(x² + 1) ni −2x/(x² + 1)², bila kupitia hatua zote.

La tatu linahusu wastani, nalo ndilo ninaloliona kuwa na manufaa mapana kuliko yote. Tuseme C(x) ni gharama ya kutengeneza vitu x, hivyo wastani wa gharama kwa kitu kimoja ni C(x)/x. Derivativu yake ni [x·C'(x) − C(x)]/x², nayo ni sifuri pale tu C'(x) = C(x)/x, yaani pale gharama ya kitu kimoja cha nyongeza inapolingana na wastani. Kanuni ya uchumi inayofundishwa kwa michoro mingi imetoka kwenye kiasi cha sehemu moja. Ukiweka e^x mahali pa C(x), derivativu ni e^x(x − 1)/x², na kwa x chanya thamani ndogo kabisa hupatikana x = 1, ambapo e^x/x ni sawa na e.

Mazoezi

Tafuta derivativu za funksheni zifuatazo kabla ya kusoma majibu yaliyo chini yake.

(a) (x² − 1)/(x² + 1)
(b) ln x/x, kwa x chanya
(c) sin x/(1 + cos x)
(d) (x⁴ − 2x)/x²

Jibu la (a) ni 4x/(x² + 1)², kwani maneno ya x³ hufutana. Jibu la (b) ni (1 − ln x)/x², na kilele chake kiko x = e. Katika (c), kiasi kinakuwa cos x + cos²x + sin²x, yaani 1 + cos x, ambacho hufutana na kigawo kimoja cha asili na kuacha 1/(1 + cos x). Anayeacha jibu bila kurahisisha hapa amekosa karibu uzuri wote wa swali. Swali la (d) ni mtego wa hatua ya kwanza: gawanya neno kwa neno upate x² − 2/x, na derivativu ni 2x + 2/x², bila kuigusa kanuni.